Robo Dola kwa Saa

Joseph Winlock alipofariki mwezi Juni 1875 aliacha mjane, watoto watano na marundo ya tarakimu ambazo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuzishughulikia. Alikuwa mkurugenzi wa Kituo cha Falaki cha Harvard, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. Kwa miaka mingi yeye na wasaidizi wake walikuwa wamepima mahali pa nyota usiku baada ya usiku, wakaandika walichokiona, wakakiweka kando. Lakini kipimo cha nyota kikiwa kibichi hakimfai mtu. Lazima kipitishwe katika hesabu ndefu: hewa inavyoupinda mwanga, dunia inavyoyumba kwenye mhimili wake, saa ya kituo inavyochelewa au kuwahi. Binti mkubwa wa marehemu, Anna, alikuwa na miaka 17. Alikuwa amekulia kando ya kazi hiyo na alijua anachoweza kukifanya. Nyumbani kulikuwa na mama na wadogo wanne waliohitaji kula. Akajitolea kuzimaliza hesabu za baba yake.

Kituo kilikubali, kikampangia senti 25 kwa saa. Ujira huo ulizidi kidogo ule wa mfanyakazi wa kiwandani na ulikuwa chini ya ule wa karani. Kwa saa 7 kwa siku na siku 6 kwa wiki, mtu aliondoka na dola 10 na nusu. Mwanamke mwingine wa mwanzo kupokea kazi ya namna hiyo alikuwa Selina Bond, binti wa mkurugenzi wa kwanza wa kituo, ambaye naye maisha yalikuwa yamembana. Kwa hiyo wakokotozi wa kwanza wa kike wa Harvard walikuwa mabinti wa nyumba hiyohiyo, waliopokelewa wakati wa dhiki, na malipo yao yalikuwa nusu kazi na nusu msaada. Bei iliyopangwa siku ya msiba ikageuka bei ya kudumu. Anna Winlock alifanya kazi pale hadi alipofariki mwaka 1904, na muda wote huo robo dola ndiyo iliyokuwa kipimo cha mwanamke anayeingia mlangoni.

Aliyemrithi Winlock mwaka 1877 ni Edward Charles Pickering, mwalimu wa fizikia wa miaka 30 tu, aliyetoka Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Alikuwa na shauku kubwa ya kuorodhesha mbingu nzima: kila nyota ing'aayo vya kutosha ipimwe mwanga wake, ipigwe picha, iwekwe katika kundi lake. Bahati yake ni kwamba teknolojia ya picha ilikuwa imekomaa wakati huo. Mabamba ya kioo yaliyopakwa kemikali kavu yaliweza kuachwa wazi mbele ya darubini kwa muda mrefu, yakakusanya mwanga ambao jicho haliwezi kuukusanya. Pickering aliweka prizimu mbele ya lenzi, na badala ya nukta za nyota bamba likaonyesha vijistari vidogo, kila kimoja kikiwa mwanga wa nyota moja uliotawanywa na kukatwakatwa na mistari myeusi. Mwanga huo uliotawanywa ndio spektra, na mistari yake ndiyo inayosema nyota ina joto kiasi gani na imeundwa na nini. Bamba moja la sentimita 20 kwa 25 liliweza kubeba spektra za mamia ya nyota kwa mpigo.

Mabamba hayo yalibadilisha mambo mengi kuliko ilivyokusudiwa. Zamani kazi ya falaki ilikuwa kazi ya usiku, ya baridi, ya kukaa kwenye kuba lenye giza, na desturi za wakati ule hazikumruhusu mwanamke mwenye heshima zake kukesha huko na wanaume. Sasa mbingu iliweza kuletwa mezani mchana. Mwanamke aliyevaa nguo zake za kazi aliketi mbele ya bamba lililoinamishwa kwenye fremu, kioo kidogo kikimrudishia mwanga wa dirishani, lenzi mkononi, mwenzake pembeni akiandika daftarini kila anachokitaja. Na wanawake wa kuifanya kazi hiyo walikuwapo. Chuo cha Vassar kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1865, Wellesley na Smith mwaka 1875. Vyuo hivyo vilitoa wahitimu waliosoma hisabati na fizikia, na nje ya ualimu hakukuwa na milango mingi ya kuwapokea. Upande mmoja kulikuwa na mkurugenzi mwenye kazi nyingi na fedha chache, upande wa pili wanawake wenye elimu nyingi na nafasi chache.

Mwaka 1886 fedha zilianza kuja, nazo zilitoka kwa mwanamke. Anna Palmer Draper, mjane wa Henry Draper, daktari aliyekuwa wa kwanza kupiga picha ya mistari ya spektra ya nyota, alitaka kazi ya mumewe iendelee kwa jina lake. Alifadhili mradi wa kuainisha nyota kwa spektra zao. Baadaye kidogo Catherine Wolfe Bruce wa New York alitoa dola 50,000 za kutengenezea darubini kubwa ya picha. Pickering aliajiri wanawake zaidi na zaidi. Hadi alipofariki mwaka 1919 walikuwa wamepita zaidi ya 80 mikononi mwake. Wakaitwa kwa kejeli nyumba ya wake wa Pickering. Jina hilo bado linarudiwa kana kwamba ni utani mtamu, na mimi naliona ni tusi lililowakaa watu waliokuwa kazini.

Katika taarifa yake ya mwaka 1898 Pickering alieleza mpango wake bila kuficha. Alisema wanawake hao wanaweza kufanya kazi ya kawaida ya kituo vizuri kama wanafalaki ambao wangelipwa mishahara mikubwa zaidi, na kwa hiyo kwa fedha zilezile unaweza kuajiri wasaidizi mara tatu au nne zaidi, na kazi ikaongezeka kwa kadiri hiyo.

Tuisome hoja hiyo polepole, maana siri yote imo humo. Hasemi wanawake wanafanya kazi duni, wala hasemi wanastahili kidogo kwa sababu wanajua kidogo. Anakiri kwamba kazi yao ni nzuri, kisha anaonyesha kwamba bei yao iko chini, na tofauti ya vitu hivyo viwili anaigeuza kuwa nyota. Kila nyota ya ziada katika orodha za Harvard ililipiwa na senti ambazo mwanamke fulani hakupewa. Watu wengi husimulia habari ya kituo hiki kana kwamba sayansi ilikuwa upande huu na mishahara midogo upande ule, kasoro ya pembeni ya zama zile. Mimi siioni hivyo. Mshahara mdogo ulikuwa sehemu ya vifaa vya kituo sawa na darubini, na bila huo orodha isingekuwa kubwa vile.

Aliyeyajua hayo kuliko wote ni Williamina Fleming. Alizaliwa Dundee, Scotland, mwaka 1857, akaanza kufundisha shule angali msichana, akaolewa, akavuka bahari na mumewe kwenda Boston mwaka 1878. Muda si mrefu mume akamwacha, naye ni mjamzito, katika nchi ya ugeni. Akatafuta kazi za ndani, na nyumba aliyoipata ilikuwa ya Pickering. Husimuliwa kwamba mkurugenzi, siku moja akiwa amekasirishwa na uzembe wa wasaidizi wake wa kiume, alisema hata mtumishi wake wa nyumbani angefanya vizuri zaidi. Kama aliyasema hayo au la, jambo lililo wazi ni kwamba alimpa kazi kituoni, na kuanzia mwaka 1881 Fleming akawa mfanyakazi wa kudumu. Mtoto wake alimpa jina la Edward Pickering Fleming.

Fleming alijifunga kibwebwe. Alibuni mpangilio wa kuainisha spektra kwa herufi, na orodha iliyotoka mwaka 1890, yenye nyota zaidi ya 10,000, kwa sehemu kubwa ni kazi ya macho yake. Mwaka 1888, kwenye bamba moja la eneo la kundinyota la Orioni, aliona doa jeusi lililomegwa katika wingu jeupe. Ndilo wingu ambalo leo dunia nzima inaliita Kichwa cha Farasi. Orodha ya kimataifa iliyofuata haikumtaja yeye, ilimtaja Pickering. Aligundua zaidi ya nyota 300 zinazobadilika mwanga na nyota mpya 10 zilizolipuka. Mwaka 1899 Harvard ikampa cheo rasmi cha Msimamizi wa Picha za Falaki, na hakuna mwanamke aliyekuwa amepata cheo rasmi katika chuo hicho kabla yake.

Mwaka uliofuata chuo kilifikiria kuwaachia watu wa baadaye kumbukumbu ya maisha yake mwanzoni mwa karne mpya. Watumishi na wanafunzi waliombwa kuandika shajara ya mwezi Machi 1900, na karatasi hizo zikawekwa katika sanduku. Fleming aliandika. Anaeleza siku zake moja baada ya nyingine: kusahihisha kurasa za machapisho kabla hazijapigwa chapa, kujibu barua, kukagua kazi za wanawake kumi na kitu walio chini yake, kufuatilia mabamba. Analalamika kwamba shughuli hizo zinammalizia muda, hata utafiti wake mwenyewe juu ya nyota zinazobadilika hauendi. Usiku anarudi nyumbani, ambako kuna mtoto wa kusomesha. Edward wakati huo alikuwa mwanafunzi katika taasisi ileile ya teknolojia alikotoka Pickering, na karo ilikuwa lazima itoke mfukoni mwa mama.

Kisha anaandika juu ya mshahara. Alikuwa amezungumza na mkurugenzi kuhusu mishahara ya wanawake. Pickering, anasema, haoni kama kuna kazi iliyo nyingi mno au ngumu mno kwake, lakini likija suala la malipo huambiwa papo hapo kwamba analipwa vizuri sana kwa jinsi mishahara ya wanawake ilivyo. Yeye alipata dola 1,500 kwa mwaka. Baadhi ya wasaidizi wa kiume walipata 2,500. Anaandika kwamba mara nyingine anatamani kuiacha kazi, mkurugenzi amjaribu mtu mwingine, au mmoja wa wanaume hao, ili ajue ni nini hasa anachokipata kwa zile dola 1,500. Anauliza kama bwana huyo huwaza kwamba na yeye ana nyumba ya kuendesha na familia ya kutunza kama walivyo nayo wanaume. Na anashangaa kwamba zama hizo zinaitwa za mwangaza.

Jibu la Pickering linastahili kushikwa mkononi na kutazamwa pande zote. Hakumlinganisha Fleming na mtu aliyefanya kazi kama yake. Alimlinganisha na wanawake wengine, yaani na wakokotozi wa robo dola aliowalipa mwenyewe, na kwa kipimo hicho Fleming alikuwa tajiri. Kizingiti kilipowekwa chini kwa wote, kila aliyepanda hatua moja alionekana kupendelewa. Na tusisahau kwamba anayejibu hivyo si mtu mkatili. Pickering aliwatetea wanawake hawa mbele ya wanaume wenzake, aliwataja majina katika taarifa zake pale ambapo wengine wasingewataja, na Fleming mwenyewe alimheshimu hadi mwisho. Ukarimu wake ulikuwa wa kweli, lakini uliishia mahali ambapo bajeti ilianzia.

Fleming alifariki kwa homa ya mapafu mwaka 1911 akiwa na miaka 54. Miaka mitano kabla ya hapo Jumuiya ya Kifalme ya Falaki ya Uingereza ilikuwa imemfanya mwanachama wa heshima.

Wapo waliogoma kukubali mpango wa Pickering. Antonia Maury, mpwa wa Henry Draper, alihitimu Vassar mwaka 1887 na kuajiriwa mwaka uliofuata. Aliona kwamba mistari ya spektra hutofautiana kwa namna isiyoelezwa na herufi za Fleming: katika nyota nyingine mistari ni myembamba na makini, katika nyingine imepanuka. Akatunga mpangilio wake mwenyewe, wenye matabaka mengi na wa polepole. Pickering alitaka haraka. Wakagombana, Maury akaondoka, akarudi, akaondoka tena, na mwaka 1892 alidai kwa maandishi kwamba nadharia ni yake na lazima itajwe kuwa yake. Mwaka 1897 kazi ilichapwa, jina lake likiwa kwenye ukurasa wa mbele, jambo ambalo halikuwa limepata kutokea kwa mwanamke katika machapisho makuu ya kituo. Mwaka 1905 Ejnar Hertzsprung, Mdenishi, alitambua kwamba zile nyota zenye mistari myembamba ni majitu, nyota kubwa mno zilizo mbali, na baadaye alimwandikia Pickering kwamba kuziacha alama za Maury ni sawa na mtaalamu wa wanyama kumweka nyangumi kundi moja na samaki. Kwa uharaka uliozaliwa na hesabu ya gharama, Harvard ilikuwa imekaa juu ya ugunduzi mkubwa bila kuuona.

Henrietta Leavitt alianza mwaka 1895 bila malipo yoyote, kama mtu wa kujitolea, kwa kuwa alitaka kujifunza. Aliondoka, na aliporudi kuajiriwa kwa kudumu mwaka 1902, Pickering alimpandishia: senti 30 kwa saa. Miaka 27 ilikuwa imepita tangu Anna Winlock, na nyongeza ya kupigiwa mfano ilikuwa senti 5.

Leavitt alipewa mabamba yaliyopigwa katika kituo cha Harvard cha Arequipa, Peru, yakasafirishwa kwa meli hadi Boston. Yalionyesha Mawingu ya Magellan, madoa mawili ya mwanga hafifu katika anga ya kusini. Msomaji aliye Mtwara au Lindi anaweza kuyaona mwenyewe usiku usio na mwezi, mwishoni mwa mwaka, akitazama kusini juu kidogo ya upeo wa macho. Cambridge hayaonekani kamwe, na Leavitt hakupata kuyaona ila kwenye kioo. Kwa kulinganisha bamba na bamba, mwaka 1908 alitangaza nyota 1,777 zinazobadilika mwanga ndani ya mawingu hayo. Mwaka 1912, akitumia nyota 25 za wingu dogo, alionyesha kwamba nyota inayochukua muda mrefu kung'aa na kufifia ndiyo iliyo na mwanga mwingi zaidi kwa asili. Ukiujua muda huo, umejua mwanga halisi, na ukiulinganisha na mwanga unaoonekana, umejua umbali. Taarifa ilitoka na sahihi ya Pickering, ingawa sentensi yake ya kwanza inasema imeandaliwa na Bi. Leavitt. Kwa kipimo hicho Edwin Hubble, miaka ya 1920, alithibitisha kwamba Andromeda ni mkusanyiko wa nyota ulio nje kabisa ya wetu, na ulimwengu ukapanuka mbele ya macho ya watu.

Leavitt hakuruhusiwa kuufuata ugunduzi wake. Alirudishwa kwenye kazi ya kuweka viwango vya mwanga wa nyota za kaskazini, kazi muhimu na ya kuchosha. Mkokotozi hulipwa kwa saa, na saa ni za aliyezinunua. Alifariki kwa saratani tarehe 12 Desemba 1921. Mali yake yote, pamoja na zulia, meza, kitanda na hati za dhamana, ilithaminiwa dola 314 na senti 91, na alimwachia mama yake. Mwaka 1925 mwanahisabati wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, aliandika barua akitaka kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel, bila kujua kwamba amekwisha kuzikwa.

Kiti cha Fleming kilichukuliwa na Annie Jump Cannon, mhitimu wa Wellesley, ambaye masikio yake yalikuwa yamekufa kwa sehemu kubwa na macho yake hayakuwa na mshindani. Yeye ndiye aliyezipanga herufi za Fleming upya kwa kufuata joto: O, B, A, F, G, K, M, mpangilio unaofundishwa hadi leo. Kati ya 1911 na 1915 aliainisha nyota 225,300, na alipokuwa katika kasi yake alitaja hadi nyota tatu kwa dakika. Ungetegemea mrithi wa aina hiyo aanzie pale Fleming alipoishia. Alipewa dola 1,200 kwa mwaka, pungufu ya 300. Pickering alipoomba apewe pia cheo rasmi cha usimamizi, rais wa Harvard, Abbott Lawrence Lowell, alijibu kwamba hata nafasi ya Bibi Fleming ilikuwa imempa mashaka siku zote, na ingekuwa afadhali jambo hilo lisifanywe desturi. Kamati ya wageni waliokagua kituo iliandika mwaka huohuo wa 1911 kwamba ni ajabu mtu anayetambuliwa duniani kote hana nafasi rasmi chuoni. Oxford ilimpa shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1925. Harvard ilimpa cheo rasmi mwaka 1938, akiwa na miaka 74, ikiwa imebaki miaka miwili astaafu.

Naandika juu ya vyeo kwa sababu cheo na mshahara vilikwenda pamoja. Asiye na cheo hana daraja la malipo, na asiye na daraja hana wa kulinganishwa naye. Mshahara wake ni siri kati yake na anayemlipa.

Ushahidi mkali wa jambo hilo ni Cecilia Payne. Alizaliwa Uingereza mwaka 1900, akasoma Cambridge ya huko, chuo ambacho wakati ule hakikuwapa wanawake shahada kamili, na mwaka 1923 akavuka bahari kwa ufadhili mdogo wa wanawake uliobeba jina la Pickering. Kituo kilikuwa chini ya Harlow Shapley, aliyekuwa na mazoea ya kukadiria kazi kwa kipimo alichokiita saa za wasichana. Payne alikuja na kitu ambacho waliomtangulia hawakuwa nacho: fizikia mpya ya atomu. Akayachukua mabamba ya Fleming, Maury na Cannon na kuuliza mistari ile inasema nini hasa juu ya kilichomo ndani ya nyota. Tasnifu yake ya mwaka 1925 ilitoa jibu kwamba nyota ni hidrojeni na heli karibu yote, na vitu vilivyoijaza dunia yetu ni chembe tu humo. Henry Norris Russell wa Princeton, mwenye sauti kubwa kuliko wote katika fani hiyo, alimwambia haiwezekani. Payne akaongeza sentensi kwamba karibu ni hakika matokeo hayo si ya kweli. Mwaka 1929 Russell alifika mahali palepale kwa njia yake mwenyewe na kukiri kwamba Payne alikuwa sahihi.

Shahada yake ya udaktari haikuwa ya Harvard. Ilitolewa na Radcliffe, chuo cha wanawake kilichokuwa ubavuni mwa Harvard. Lowell alisema, na maneno yakamfikia Payne, kwamba Bi. Payne hatapata nafasi katika chuo kikuu maadamu yeye yu hai. Basi Shapley akamwajiri kama msaidizi wa kiufundi. Alifundisha, lakini masomo yake hayakuorodheshwa katika kitabu cha kozi hadi mwaka 1945. Alisimamia watafiti wachanga, alihariri machapisho, alitoa vitabu. Mwanzoni, akingoja mshahara wa kwanza, aliweka rehani vito vyake na violini yake. Alikuja kusimulia kwamba alilipwa kidogo hivi kwamba aliona haya kuwaambia jamaa zake Uingereza, na kwamba malipo yake yaliingizwa katika hesabu chini ya fungu la vifaa. Sijui njia ya wazi zaidi ya kuandika kile ambacho taarifa ya mwaka 1898 ilikuwa imekisema kwa adabu. Aliolewa mwaka 1934 na Sergei Gaposchkin, mwanafalaki mwenzake, wakapata watoto watatu. Mwaka 1938, siku zilezile za Cannon, naye alipewa cheo, lakini mshahara ulibaki nyuma ya kazi yake.

Mabadiliko yalipokuja hayakuletwa na ugunduzi mpya. Payne-Gaposchkin alikuwa ameshagundua cha kutosha. Yaliletwa na mtu aliyefungua daftari la mishahara. Donald Menzel alimrithi Shapley miaka ya 1950, akakuta analipwa nini mwanasayansi aliyeijulisha dunia nyota zimeumbwa na kitu gani, akashtuka. Aliuongeza mshahara huo maradufu. Kipimo hicho kinasema mengi: mshahara ukiweza kuongezwa maradufu kwa sahihi ya mkurugenzi mpya, basi kwa robo karne ulikuwa ukiweza kuongezwa. Mwaka 1956 akawa profesa kamili, mwanamke wa kwanza kupandishwa kutoka ndani hadi ngazi hiyo katika Kitivo cha Sanaa na Sayansi cha Harvard, na muda mfupi baadaye akawa mkuu wa idara ya falaki. Harvard haikuwa imepata kuwa na idara inayoongozwa na mwanamke.

Sheria ya nchi ilifika baadaye. Mwezi Juni 1963 Rais Kennedy alitia saini Sheria ya Malipo Sawa, iliyokataza kumlipa mwanamke pungufu ya mwanamume kwa kazi inayolingana. Ilifuata taratibu za sheria ya zamani ya kima cha chini cha mishahara, na taratibu hizo ziliwaacha nje mameneja, walimu na watu wa kazi za kitaaluma. Mfanyakazi wa kiwandani alilindwa, lakini mwanafalaki hakulindwa. Mwanya huo ulizibwa na Bunge mwaka 1972, na kuanzia hapo mwanamke mwanasayansi wa Marekani aliweza kwenda mahakamani na kudai alinganishwe na mwanamume wa meza ya pili, badala ya kulinganishwa na wanawake wenzake. Payne-Gaposchkin alikuwa amestaafu miaka sita kabla ya hapo.